Mafuta Ndani ya Pipa la Bluu

Ilianza Jumatatu, wiki ya kwanza ya likizo ya Aprili, saa moja kasorobo asubuhi. Saa naijua kwa sababu redio ya kogo ilikuwa ndiyo kwanza imeanza matangazo ya vifo. Kogo ni nyanya yangu, mama yake baba, na wakati huo hataki mtu afungue mdomo asije akapitwa na mazishi ya mtu anayemjua. Kwa hivyo nilipofunua pipa la maji kando ya mlango wa jikoni na kuona kitu kinang'aa juu yake, sikusema neno. Kwangu hiyo si kazi ngumu. Hata redio ikizimwa, mimi huwa siongei sana.

Ulikuwa utando mwembamba, zambarau hapa, kijani pale, unaotembea polepole kama unatafuta ukingo. Labda umewahi kuuona kwenye madimbwi ya stendi ya Bomet, pale pikipiki zinapoegeshwa mvua ikinyesha. Nilichota kikombe nikanusa. Hakikuwa na harufu yoyote. Nikasukuma utando kando kwa kiganja, nikachota maji ya chini, nikaweka chai. Najua ungesema ningemwaga, lakini pipa ni la jerikeni nyingi na mlima wa kutoka chemchemini naupanda mimi.

Kogo alipoletewa kikombe alikiinamia.

"Leo chai iko na macho," akasema. "Inaniangalia."

Baba alikuwa ametoka kukamua. Alitazama kikombe cha mama yake, akaenda kwenye pipa, akafunua, na hata hakuinama vizuri.

"Hiyo ni diseli."

"Diseli gani?" kogo akauliza.

"Iko diseli ngapi hapa? Ya mashini! Nilisema siku ile jirani alileta injini mpya. Mvua inanyesha, mafuta inashuka, inaingia kwa chemchemi. Alhamisi tuko na mkutano ya maji. Hiyo Alhamisi, mashini inafungwa."

"Na mahindi tutasagia wapi? Kwa meno yako?"

"Tutapeleka Sigor."

"Nani atapeleka Sigor? Wewe?"

Baba akafunika pipa. Alikuwa mwenyekiti wa chemchemi yetu, ile ambayo wazee waliichimbua, wakaijengea ukuta wa simiti na kuitia bomba, na mwenyekiti akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Mama angekuwepo labda angemtuliza, lakini mama anafanya kazi Kericho na hurudi mwisho wa mwezi.

Sasa nieleze kuhusu hiyo mashini ya kusaga. Iko juu ya chemchemi, upande wa pili wa majani chai yetu, kibanda cha mabati kinachotikisika kikisaga. Mwenyewe alitoka Kisii kabla sijazaliwa. Ana binti, na huyo binti ndiye rafiki yangu. Ninaposema rafiki sina wengi wa kuchagua, ni huyo. Tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mwalimu akiuliza swali, mimi humnong'onezea jibu, yeye husimama akalisema kwa sauti yake ile ya kuuza ndizi, na darasa likipiga makofi tunagawana. Nusu yake, nusu yangu.

Jioni hiyo alikuja hadi kwenye ua wetu wa miiba ya keiapo. Hakuingia. Siku zote yeye huingia mpaka jikoni na kufunua sufuria.

"Baba yako amepita kwetu," akasema. "Amesimama kwa mlango, amekataa kiti."

Nikamsogelea.

"Na huko kwa kituo cha kuuza majani chai kuna mtu ameambia mama achukue mashini yake arudi nayo alikotoka. Alisema kama mzaha. Watu wakacheka."

"Nani?"

"Si wote walicheka? Mama amesema mashini ikifungwa hatuna cha kukaa hapa kufanya. Tunaenda kwa nyanya. Shule nitaingia ya huko."

"Muhula huu?"

"Sasa unadhani ni upi?"

Nilishika ua. Swali lililonitoka lilikuwa la ubinafsi kabisa, lakini ngoja niseme ukweli: "Na darasani nani atakuwa anasema?"

Akacheka bila kutaka. "Wewe. Ama mkae hivyo, wewe na dawati, mabubu wawili."

Alipoondoka nikaamua kwamba kabla ya Alhamisi nitajua mafuta yale yametoka wapi. Sikujiuliza kama naweza. Mtu asiyeongea ana muda mwingi wa kuangalia, na kuangalia ni kitu ninachokifanya vizuri kuliko wote nyumbani kwetu.

Jumanne asubuhi nilimpitia, tukashuka chemchemini na beseni letu jeupe. Nililikinga chini ya bomba likajaa. Tukasubiri maji yatulie, tukainama vichwa vikigusana. Hakuna kitu. Maji yalikuwa safi mpaka maua yaliyochorwa chini ya beseni yalionekana yote.

"Unaona!" rafiki yangu akapiga kelele.

Lakini kisha tukateremka kidogo, pale maji yanayomwagika hupita kwenye mfereji wenye nyasi na tope jekundu. Juu ya tope palikuwa na utando unaong'aa, rangi zote za upinde wa mvua. Hapo ndipo baba alipowaleta majirani Jumatatu mchana wajionee.

Rafiki yangu alikaa chini. "Ni yetu," akasema kwa sauti ambayo kawaida ni yangu.

Mimi nilichukua kijiti nikauchoma ule utando. Ulivunjika. Ulipasuka vipande vipande kama ngozi ya uji uliopoa, na vile vipande vikaelea kila kimoja na njia yake, vina ncha, vina pembe. Nikachoma tena. Havikurudiana.

"Mafuta gani iko na kona?" nikamuuliza.

Alinitazama. Halafu akakimbia juu hadi kwao, akarudi na diseli kidogo kwenye kifuniko cha soda, ameishikilia kama ekaristi. Tulidondosha tone moja ndani ya beseni. Likatambaa likafunika maji yote. Nikachoma kwa kijiti: shimo likafunguka, nikatoa kijiti, shimo likajifunga laini kabisa, kama halijawahi kuwepo. Nikachoma tena na tena. Linajifunga.

"Hii ya mfereji si diseli," nikasema.

"Ngoja, ngoja. Hii kitu si iko kule shuleni? Kwa tope, nyuma ya uwanja? Kuna tope jekundu hivi hivi, na inang'aa. Na huko hakuna mashini!"

Ni kweli, iko. Tumeiruka mara nyingi tukifuata mpira. Ni tope lenye kutu tu, hufanya hivyo lenyewe maji yakisimama. Tulishikana mikono tukaruka juu chini pale mferejini, na kama kuna mtu alituona akadhani tumeokoka, sikujali.

Tungeachia hapo tungekuwa na furaha siku nzima. Lakini nilitaka kumaliza kazi, kwa hivyo tukapanda hadi kwetu, nikafunua pipa la bluu na kuchoma utando wake kwa kijiti kile kile.

Shimo likafunguka. Likajifunga.

Nikachoma tena, pembeni. Likajifunga. Hakuna ncha, hakuna pembe.

"Sasa?" rafiki yangu akauliza.

Ningeweza kumdanganya. "Hii ni mafuta kweli," nikamwambia. "Sijui ni ya nini."

Aliokota kandambili zake akaenda bila kuniaga. Sikumlaumu.

Nilikaa kwenye kizingiti nikalipanga jambo kichwani. Maji yanatoka bombani safi. Nikaleta jerikeni mbili, nikamimina kila moja kwenye beseni kabla ya kumwaga pipani: safi. Basi mafuta hayapandi mlima pamoja nami. Yanaingia hapa, nyumbani. Nililimwaga pipa lote, nikalisugua kwa sabuni na majivu, nikalisuuza, nikalijaza upya. Mabega yalikuwa yanalia.

Baba akipita na kikapu cha majani chai alisema, "Unaosha pipa kama tumefungua hoteli. Osha tu. Diseli haiogopi sabuni."

Nikavuta kigoda, nikachukua ungo wa maharagwe na kuanza kuchambua hapo mlangoni, karibu na pipa. Kuna faida ya kuwa mtu wa haya: ukikaa mahali alasiri nzima hakuna anayekuuliza unafanya nini. Kogo alichota maji ya kunywa dawa yake. Nikaangalia: safi. Mimi nikachota ya kuosha sufuria. Safi. Kuku mmoja alipanda juu ya kifuniko akashuka.

Jioni baba akakamua. Ng'ombe wetu wa gredi, yule wa kisasa, alikuwa amezaa karibuni na chuchu zilikuwa zimepasuka kwa baridi, kwa hivyo baba alikuwa anamkamua mwenyewe mara tatu kwa siku, hataki mtu mwingine amguse. Zamani kwetu mwanamume hakukamua, kogo husema hivyo kila siku, lakini huyu ng'ombe baba anamwongelesha kuliko anavyotuongelesha sisi. Alipomaliza aliweka ndoo ya maziwa mezani, akaja kwenye pipa kunawa.

Akashika jagi. Jagi letu la njano, lililonunuliwa soko la Ndanai, lilikuwa limekanyagwa na ndama Jumapili na mkono wake ukakatika. Baba alikataa litupwe, eti bado linashika maji. Kwa kuwa halina mkono, alilishika kwa ukingo, vidole vyote ndani, akalizamisha. Mkono wake uliingia majini mpaka kwenye kifundo. Akamimina, akasugua, akazamisha tena, akafunika pipa vizuri kama mtu msafi, akaenda kupeleka maziwa barabarani.

Nikaweka ungo chini. Nikafunua.

Zambarau. Kijani.

Kwenye dirisha la jikoni kulikuwa na mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu zisipasuke. Huenda kwenu hamuyajui hivyo. Huku kwenye mashamba ya chai, yale mafuta ni ya kila mtu. Ng'ombe anapakwa asubuhi, na mkebe huo huo kogo anapaka magoti, mimi napaka uso kabla ya kanisa, na ukikutana na mtoto yeyote wa hapa asubuhi ya baridi, uso wake unang'aa kwa sababu hiyo. Tunayaita "ya ng'ombe" tu. Hakuna anayeyafikiria kama mafuta. Tulikuwa tunatafuta kitu kibaya kilichotoka kwa watu wengine, na mkebe unatuangalia kutoka dirishani.

Nilichovya vidole viwili mkebeni, nikavipasha moto kwa kuvisugua, kama vile baba anavyofanya ili chuchu zisishtuke, nikavitia kwenye beseni la maji safi. Utando ukatoka vidoleni ukaenda zake. Nikachoma kwa kijiti. Ukajifunga.

Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mwenyekiti wa chemchemi.

Jumatano asubuhi nilimwambia kogo kwanza, redio ilipokwisha. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Mwambie," akasema.

"Mwambie wewe, kogo. Ni mtoto wako."

"Mimi nitasema nimeona nini? Mimi nilikuwa nasikiliza mazishi."

Jioni nilienda zizini nikashika kamba ya ndama. Baba alikuwa amelaza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, anakamua.

"Baba."

"Mm."

"Ile jagi imevunjika."

"Najua."

Nikarudi jikoni. Nilikuwa nimesema ukweli, lakini si ule uliohitajika. Nilijikasirikia sana usiku huo, nikalala nikiwa nimejua nitafanya nini. Kama mdomo umekataa, nitatumia beseni.

Alhamisi mchana baba alikamua akiwa tayari amevaa koti la mkutano, mikono imekunjwa. Alipotoka zizini nilikuwa nimesimama mbele ya pipa. Nilikuwa nimelifunika, na juu ya kigoda nilikuwa nimeweka beseni jeupe lenye maji.

"Baba, nawa hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Nawa tu."

Labda kwa sababu huwa simwambii afanye kitu, alifanya. Alitumbukiza mikono yote miwili. Utando ukafunguka kutoka vidoleni mwake, ukajaa beseni, ukazunguka maua ya chini. Baba akatulia hivyo hivyo, mikono ndani.

Nikachoma kwa kijiti, ukajifunga, na maneno yakatoka yote kwa pumzi moja: "Ni ya ng'ombe, baba, tangu jagi ikatike, mkono wako unaingia pipani, kwa bomba hakuna kitu, ile ya mfereji ni tope, ukiichoma inavunjika, iko hata shuleni, si mashini."

Kutoka jikoni kogo akasema, "Kumbe diseli inatoka kwa chuchu!"

Baba hakucheka. Aliangalia mikono yake mbele na nyuma, akaifuta kwa nyasi, akashusha mikono ya koti, akatoka. Sikujua ataenda kusema nini. Nilichukua kijiti changu nikamfuata kwa mbali.

Watu walikuwa wameketi kwenye mteremko juu ya chemchemi. Mwenye mashini alisimama kando, kofia mkononi, mkewe na rafiki yangu nyuma yake. Baba aliomba mmoja afungue kwa maombi, halafu akakunja tena mikono ya koti. 

"Niliita nyinyi kwa sababu ya mafuta," akasema. "Nilisema ni ya mashini. Nimesema hivyo kwa kila mlango. Sasa nasema hapa mbele yenu: mafuta ilikuwa kwangu. Ni hii mkono. Nakamua, nimejipaka ile ya ng'ombe, nachota maji na jagi imevunjika. Huyu jirani nilimkosea."

 Mwenye mashini aligeuza kofia yake mara moja.

"Sawa, mwenyekiti," akasema. "Sasa tufunge ng'ombe?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika, nadhani, mpaka barabarani. Hata baba meno yalionekana. Lakini mama mmoja mwenye mwavuli hakucheka. "Na ile inang'aa kwa mfereji? Hiyo pia ni ya ng'ombe yako?"

Baba akageuka akanitafuta kwa macho. "Msichana wangu ataonyesha."

Miguu yangu ilienda yenyewe hadi kwa rafiki yangu. Nikamnong'onezea jibu sikioni, kama siku zote. Alisikiliza lote. Halafu akafunga mdomo, akakunja mikono, akatazama mbele.

"Sema," nikamsihi.

"Sema wewe. Mimi si nahama?"

"Huhami!"

"Basi sema ndio nisihame."

Nikashuka mferejini. Nyuso zote zile zinazong'aa zikaniinamia. Nikachoma utando kwa kijiti, ukapasuka.

"Mafuta haina kona," nikasema.

"Sauti!" mtu akaita.

"Mafuta haina kona! Hii iko na kona. Ni tope." Nikaeleza la shuleni, nikaeleza la beseni. Rafiki yangu alileta kifuniko cha diseli bila kuombwa, na yule mama wa mwavuli akachoma mwenyewe, mara tatu nne, mpaka akaridhika. Hata hivyo alisema mwenye mashini aweke karai chini ya injini, kwa sababu kesho ni kesho, na mwenye mashini akakubali, na mkutano ukahamia mambo ya nani anafulia juu ya bomba. Hakuna aliyepiga makofi. Rafiki yangu alinifinya tu kiwikoni, kwa nguvu, na sikio langu likaambiwa, "Hii ni yako yote."

Ijumaa niliamka kabla ya redio. Nilipasha msumari kwenye makaa, nikatoboa jagi la njano matundu mawili, nikapitisha kipande cha waya na kulifunga mkono mpya. Nikalitundika nje ya zizi pamoja na ndoo ya maji ya baba ya kunawia, mbali na pipa, na mkebe wa mafuta nikauhamishia huko huko. Baba alikuta kila kitu mahali pake. Alipima mkono wa waya kwa kuuvuta, akasema, "Inashika."

Kisha nikabeba jerikeni yangu nikapita kati ya majani chai yaliyoloa, hadi kwenye lango la mwenye mashini. Siku zote mimi husimama hapo nikingoja mbwa wao abweke, rafiki yangu ajue nimefika. Mbwa alikuwa bado amelala. Nikaweka jerikeni chini, nikaita jina lake kwa sauti yangu yote.

"Ni nani hiyo anapiga kelele hivyo asubuhi?" baba yake akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi," nikasema. "Nimekuja twende maji."